Chotara wa robo tatu ashindwa na mamake wa nusu: ni damu, ni joto au ni mkono wetu?

#1 Mtepe_Rabai
Salaam, wafugaji. Naja na dai: Pwani hii mwisho wa damu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, ni nusu. Ukivuka hapo wajinunulia hasara.

Ushahidi ni zizi la nyumbani, Rabai, ekari nne za familia. Mama ni chotara wa Sahiwal (ng'ombe wa nundu wa Bara Hindi) na Friesian, nusu kwa nusu. Uzao wake wa kwanza alikamuliwa lita 12 kwa siku, na mwezi wa saba wa kukamuliwa alikuwa bado kwenye 8. Tukasema akiongezwa Friesian binti atampita. Binti huyo, robo tatu, alizaa Novemba. Alifika lita 13, akakaa hapo wiki chache tu, na sasa Machi ni lita 7. Mchana ahema mdomo wazi. Akipandishwa, wiki tatu baadaye arudi kutaka dume.

Zizi moja, nepia (majani ya tembo) moja, chakula cha duka kilo mbili kila mmoja, mkono mmoja unaokamua. Kilichobadilika ni damu. Mwenye kupinga apinge kwa hoja. Na la pili: huyu robo tatu nimpandishe nini?

#2 NunduKubwa
Nakuunga mkono, na hesabu iko wazi. Sahiwal halisi kwa Friesian halisi, kila jozi ya vinasaba vya ndama ina upande mmoja wa Sahiwal na mmoja wa Friesian. Nguvu ya uchotara, yaani faida inayotokana na kuchanganya aina mbili, hapo ni asilimia 100. Ukimrudishia Friesian, nusu ya jozi zinakuwa Friesian kwa Friesian, nguvu inashuka hadi 50. Kinachopotea kwanza si lita. Ni uhai wa ndama, kushika mimba na kuvumilia maradhi, mambo ambayo hayaonekani kwenye ndoo mpaka umechelewa.

Watafiti Cunningham na Syrstad walikusanya takwimu za nchi za joto kwa ajili ya FAO mwaka 1987. Maziwa yalipanda vizuri mpaka damu ya kizungu ilipofika nusu, kisha mstari ukalala. Kwa hiyo Mtepe hujagundua jipya, ila umesema kweli.

#3 DaktariWaKupe
Ng'ombe wawili si utafiti, ndugu zangu. Kabla hatujamhukumu Friesian, Mtepe jibu haya:

Saa nane mchana simama kando yake, tazama ubavu, hesabu unavyopanda kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Ni ngapi? Kipimajoto cha njia ya haja kubwa chasemaje alfajiri na mchana? Paa ni la nini na lina kimo gani? Mbavu zaonekana? Kupe wa masikioni wapo? Dume aliyempandisha mama yake alikuwa nani, kwa jina au namba iliyoandikwa kwenye mrija wa mbegu?

#4 Bi_Kiwele
Mimi jibu nimeshalipata kwenye swali lenyewe. "Chakula cha duka kilo mbili kila mmoja." Yakhe, huyo wa lita 13 na yule wa lita 12 anayejua kujihifadhi unawalisha sawa kisha unalaumu damu?

Nepia nzuri yabeba lita 7 hivi. Kila lita moja na nusu hadi mbili juu ya hapo yataka kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 16. Lita 13 ni lita 6 za ziada, kwa hiyo kilo 3 hadi 4. Ulimpa mbili. Zilizobaki akazitoa mgongoni mwake mwenyewe, mgongo ulipokwisha akashuka. Chotara wa nusu akikosa chakula hupunguza maziwa mapema na kubaki na nyama. Mwenye Friesian nyingi huendelea kukamuka huku anakonda, na ng'ombe anayekonda hashiki mimba.

#5 Mswaki_wa_Mwarobaini
Yaani kwa ufupi ng'ombe wa Mtepe ni kama mtu aliyeoa Mombasa kwa mshahara wa Kaloleni 😂

#6 Mtepe_Rabai
@DaktariWaKupe pumzi ni 92 kwa dakika saa nane, na 58 alfajiri. Joto la mwili 38.9 alfajiri na 39.8 mchana. Paa ni la mabati, upande wa chini futi sita na nusu. Mbavu za nyuma zahesabika. Kupe huogeshwa kila Jumamosi. Namba ya dume haikuandikwa popote.

@Bi_Kiwele hoja yako naichukua, lakini mama yake naye mchana yuko kwenye pumzi 64, paa hilo hilo. Hilo nalo ni chakula?

#7 Kaskazi_na_Kusi
Pumzi 92 ni ng'ombe aliyezidiwa. Chini ya 60 yuko salama, 60 mpaka 80 ajitahidi, juu ya 80 maziwa na mimba vyote vinaondoka.

Watu hupima joto la mchana wakasahau unyevu na usiku. Chukua nyuzi za hewa, zidisha kwa 0.8. Chukua nyuzi hizo toa 14.4, zidisha kwa unyevu ulioandikwa kwa desimali. Jumlisha vyote viwili na 46.4, hiyo ndiyo alama ya joto na unyevu pamoja. Friesian huanza kuumia kwenye 72, na wale wa maziwa mengi hata 68. Mombasa mwezi wa Machi mchana nyuzi 32 na unyevu 75: inatoka 85. Usiku wa manane nyuzi 25 na unyevu 90: inatoka karibu 76. Ina maana usiku nao hapumziki! Bara ng'ombe huungua mchana akapoa usiku. Hapa kwetu hapati pa kulitua lile joto. Julai, usiku wa nyuzi 21, hesabu inashuka 69, na ndipo utaona lita zinarudi bila kubadilisha chochote.

Kwa hiyo mama alizaa mwezi gani? Kama alizaa mwanzoni mwa Kusi na binti alizaa akielekea Kaskazi, umelinganisha misimu, hukulinganisha damu.

#8 Mtepe_Rabai
Mama alizaa Juni.

#9 Kaskazi_na_Kusi
Basi kesi imekwisha.

#10 NunduKubwa
Haijakwisha hata kidogo. Wote wawili wako chini ya paa moja Machi hii, mmoja 64 mwingine 92. Hiyo ndiyo damu yenyewe. Sahiwal ana ngozi kubwa inayoning'inia, nywele fupi za kulala, jasho jingi, na mwili wake huzalisha joto kidogo akiwa amepumzika. Nusu ya hayo mama anayo, binti anayo robo.

#11 Bi_Kiwele
Na mama hivi sasa anakamuliwa lita ngapi, Mtepe? Ng'ombe anayetoa maziwa mengi anatengeneza joto jingi tumboni kwa kusaga chakula. Kama mama amekaushwa au yuko lita 4, pumzi zake haziwezi kulinganishwa na za anayekamuliwa.

#12 Mtepe_Rabai
Mama yuko lita 5, ana mimba ya miezi mitano.

#13 Bi_Kiwele
Haya.

#14 Fundi_Makuti
Nyote mwazungumzia damu, hakuna aliyegusa zizi. Mabati kwenye futi sita na nusu ni jiko. Joto la bati linamshukia ng'ombe mgongoni moja kwa moja hata akiwa kivulini.

Upande wa chini wa paa usipungue mita 2.5, ukipata 3 bora zaidi. Juu kwenye mgongo wa paa acha mwanya wa hewa moto kutokea. Urefu wa zizi ulale mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie kulala asubuhi na jioni, halafu pande ndefu za kaskazini na kusini ziache wazi kabisa, maana Kaskazi na Kusi zote zitapita. Watu hujenga ukuta wa matofali wa kimo cha mtu, eti ng'ombe asipigwe na baridi. Baridi gani Rabai?

Kama bati huna uwezo wa kuliinua, weka makuti juu yake au chini yake. Makuti peke yake ndiyo paa zuri kuliko yote hapa, ila yakichakaa huvuja, sakafu hulowa, na kiwele kinacholala pabichi hupata maradhi. Kila ng'ombe nafasi ya kulala futi 4 kwa 7.

#15 Chengoni
Nimeona watu wakifunga mipira ya kunyunyiza mvuke kama ile ya mahoteli. Inasaidia?

#16 Fundi_Makuti
Hapa hapana. Mvuke mwembamba hufaa pakavu. Kwenye unyevu wetu hauyeyuki, unaongeza unyevu tu, na nywele zinabaki na utando wa maji unaozuia joto kutoka. Ukitaka kumpoza mloweshe mpaka ngozi ishikike na maji, dakika moja au mbili, kisha apate upepo au feni. Bila upepo usimwage maji. Kiwele kisiloweshwe kabla ya kukamua.

#17 Kaskazi_na_Kusi
Naongezea kulisha usiku. Theluthi mbili ya chakula kiwe baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, kwa sababu joto la kusaga majani hufika kileleni saa chache baada ya kula. Ukimwekea nepia saa tatu asubuhi, joto lake linakutana na la adhuhuri. Na maji yasikauke kamwe. Ng'ombe wa lita 13 kwenye joto hili anamaliza lita 80 na zaidi kwa siku. Hori la maji likiwa juani atakunywa nusu ya haja yake.

#18 Mirija_Likoni
Nije kwenye kurudi joto, yaani ng'ombe kutaka dume tena, maana hapo mmepita haraka. Mtepe, mtu wa mbegu, yaani mhimilishaji, anafika saa ngapi tangu mmuone ng'ombe anataka? Kanuni ni hii: ukimwona alfajiri, apandishwe jioni, ukimwona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Chotara mwenye joto jingi la mwili huonyesha dalili kwa saa chache, mara nyingi usiku. Wewe ukimwona saa mbili asubuhi akitoa ute, huenda alianza saa nne usiku. Mtu wa mbegu akija jioni huenda amelichelewea yai.

Na kwa mwenye zizi la ng'ombe wawili, huyo mwingine ana mimba, hapana wa kumpanda mwenzake ukajua. Tazama saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku: ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai, kukojoa mara kwa mara, maziwa kushuka ghafla siku hiyo, kulia. Ukiona damu kidogo mkiani, joto limeshapita siku moja mpaka tatu nyuma. Andika tarehe, hesabu siku 18 au 19, uanze kumlinda.

#19 Shimba_Chini
Mirija_Likoni, na mtu wa mbegu akikwama feri, yai litamsubiri? 😅

#20 Mirija_Likoni
Yai halina subira, ndiyo maana ninyi wa Kwale mna mtungi wenu wa kuhifadhia mbegu.

Lakini mtungi wenyewe uangalie. Mbegu huishi kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji akitafuta mrija asinyanyue kikombe kupita shingo ya mtungi, na asichukue zaidi ya sekunde chache. Akikosa, arudishe chini kipoe, ajaribu tena. Mrija ukitoka ukaguse hewa ya Mombasa kisha ukarudishwa, mbegu zimekufa na kwa macho hutajua. Kuyeyusha ni maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 30 hadi 40, kwa kipimajoto. Wapo wanaochovya kwenye maji ya bombani kwa kuwa "hapa maji ni ya moto". Hapana. Halafu afute mrija ukauke kabisa, tone moja la maji linaua mbegu. Akishaupachika, ndani ya dakika 15 awe ameshamaliza, na asiuache juani akiongea na mwenye nyumba.

Mwambie akusomee mrija. Pameandikwa dume, aina na tarehe. Mtepe umesema namba ya dume hujaandika. Waweza kumpandisha binti kwa baba yake na usijue.

#21 DaktariWaKupe
Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niulize. Kama dume wa Friesian aliyempa mama yake mimba ya binti, na aliyempandisha binti sasa, ni yule yule, hata mimba ikishika ndama ana hatari ya kuwa dhaifu. Na hata bila udugu, madume hayafanani. Dume lililomzaa binti pengine lilichaguliwa kwa mwili mkubwa. Mwili mkubwa hula zaidi kabla ya kutoa hata lita moja. Mnasema "damu ya Friesian" kana kwamba ni tenki moja.

Joto la mwili nalo lina sehemu yake kwenye kurudi: yai likirutubishwa siku mwili uko 39.8, kijusi hufa siku za mwanzo, ng'ombe anarudi kwa siku 21 kamili kama ambaye hakupandishwa. Kwa hiyo kurudi kwa siku 21 hakuthibitishi kosa la mtu wa mbegu wala la damu. Akirudi kwa siku zisizopangika, 28 au 35, hapo fikiria kijusi kilichokufa baadaye au maambukizi ya mfuko wa uzazi.

#22 Shimba_Chini
Kuna sababu nyingine hamjaigusa: ndorobo. Huku kwetu karibu na Shimba Hills ng'ombe anayekonda, anayerudi joto na kutupa mimba, cha kwanza ni kupima damu kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Homa yake hupanda na kushuka, si lazima umkute na joto siku unayopima. Wengi huchoma dawa ya nagana kwa kubahatisha, kwa uzito wa kukisia, mpaka vijidudu vikazoea.

Na kama mtu anaanza mwanzo kabisa maeneo ya ndorobo, mama wa kienyeji si wote sawa. Boran wa Waorma kutoka Tana huvumilia nagana kuliko Boran wengine. Kuwavusha kwa Sahiwal au Friesian kutoka hapo una msingi mzuri zaidi.

#23 Chengoni
Kwani Sahiwal si tosha? Sahiwal hashikwi na ndigana, ugonjwa wa kupe, hilo lajulikana.

#24 DaktariWaKupe
Halijulikani, kwa sababu si kweli. Sahiwal hubeba kupe wachache kuliko Friesian, ngozi yake huwakataa. Lakini kuhimili ndigana kali ni jambo la kukulia kwenye eneo lenye ugonjwa. Ng'ombe wa Kimijikenda huambukizwa angali ndama, wengi huugua kidogo wakapona wakabaki na kinga. Mlete Sahiwal kutoka shamba linaloogesha kila wiki, tuseme Naivasha, umwachilie Rabai: anaweza kufa kama Friesian.

Dalili za mwanzo: tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega zimevimba, homa 40 na zaidi, machozi. Ukisubiri mpaka akohoe na povu litoke puani umechelewa. Dawa yake, buparvakwoni, hufanya kazi siku za mwanzo.

#25 Punda_wa_Kibokoni
Na ile chanjo ya ndigana mbona haitajwi?

#26 DaktariWaKupe
Ipo, ile ya Muguga. Ni vijidudu hai vya aina tatu vilivyochanganywa, ndama huchomwa chini ya ngozi karibu na sikio na wakati huo huo hupewa oksitetrasaiklini ya kudumu kwa uzito wake, ili ugonjwa uje mdogo mwili ujifunze. Mara moja kwa maisha. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji na mrija mmoja hutoa dozi takriban 40, ndiyo sababu mwenye ndama mmoja hapati mtu wa kumfungulia, jikusanyeni kijiji. Haikingi maradhi mengine ya kupe: ndigana baridi, wala mkojo damu, wala maji moyo. Kuogesha kunabaki, ila waweza kupunguza.

Mtepe umesema Jumamosi kila wiki, sawa. Amitrazi, dawa ya kuogeshea kupe, ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, na ng'ombe mkubwa anataka lita 5 hadi 10 alowe mpaka ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya kiwele na mapaja. Mkono wa pampu unaopitishwa mgongoni kwa dakika moja unamwogesha kupe, haumuui.

#27 Punda_wa_Kibokoni
Iliyobaki kwenye pampu nimwogeshe punda?

#28 DaktariWaKupe
Usithubutu! Amitrazi humfunga punda na farasi matumbo. Jina lako limenitia wasiwasi.

#29 Swaleh_Mashudu
Turudi kwenye chakula. Bi_Kiwele asema asilimia 16 ya protini kana kwamba lazima itoke dukani. Mombasa tuna mashudu ya nazi, protini yake 20 hivi, na mashudu ya pamba yaliyo juu zaidi. Pumba za mahindi ziko kwenye vinu. Majani ya glirisidia yana protini ya 22 na zaidi. Yaanike nusu siku yanyauke, harufu ipungue, ng'ombe atayala. Majani ya mti wa lukina yasizidi theluthi ya majani yote. Maganda ya mhogo yakauke siku mbili kwanza kwa sababu ya sumu. Mashudu ya nazi nunua kidogo kidogo. Kwenye unyevu huu huota ukungu, na ukungu wa mashudu unaingia kwenye maziwa.

Na hiyo nepia ikikatwa juu ya kimo cha mtu ni kuni. Ikate ikiwa mita moja, wiki sita hadi nane. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kilo 12 za kitu kikavu, na nepia mbichi ni maji zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo ni kilo 60 mpaka 80 kwa siku. Ekari nne za familia zenye minazi, nyumba na makaburi, nepia imebaki ekari ngapi?

#30 Mtepe_Rabai
Ekari moja na robo. Mmenibana.

Lakini la pili hamjanijibu. Nimpandishe nini?

#31 NunduKubwa
Sahiwal. Atakurudisha nusu.

#32 Thumni_Tano
Hatakurudisha nusu. Binti ndiye atakuwa mama, naye ana robo tatu ya Friesian, dume hana. Ndama atapata asilimia 37.5. Hata hivyo si mbaya: kila jozi ina upande wa Sahiwal kutoka kwa dume, na upande wa mama ni Friesian kwa robo tatu ya nafasi, kwa hiyo nguvu ya uchotara ni 75, kubwa kuliko aliyo nayo mama mwenyewe. Ukipokezana hivyo, Sahiwal kizazi hiki na Friesian kijacho, utatulia kwenye nguvu ya 67, huku damu ikiyumba kati ya theluthi moja na theluthi mbili. Ukiweka aina tatu kwa zamu unabaki na 86.

#33 Kaskazi_na_Kusi
Aina tatu ndiyo njia iliyopitiwa Kilifi kwenye shamba kubwa la maziwa: Sahiwal na Ayrshire, kisha Brown Swiss akaingizwa. Ng'ombe wa kuchunga, wa kuogeshwa, hapa hapa Pwani.

#34 Bi_Kiwele
Shamba kubwa lina daftari, lina makundi, linajua nani ni nani. Nyumbani kwa ng'ombe wawili zamu ya madume matatu itamshinda mtu kizazi cha pili, hasa namba ya dume ikiwa "haikuandikwa popote".

Mimi ningempa Jersey. Mwili mdogo, hula kidogo, hustahimili joto kuliko Friesian, mafuta yake yakaribia asilimia 5 na Friesian ni 3.5 hivi. Wateja wa chai ya maziwa na mtindi watakuja wenyewe. Ndama ni wa kilo 25, kuzaa ni rahisi.

#35 NunduKubwa
Jersey juu ya robo tatu ni damu ya kizungu asilimia 87.5. Mada ya uzi huu ni nini, shoga?

#36 Bi_Kiwele
Mada ni ng'ombe anayeshiba. Kilo 350 zilizoshiba zashinda kilo 450 zenye njaa, nundu ziwepo zisiwepo.

#37 Thumni_Tano
Kuna njia ya Brazil: Girolando, thumni tano (sehemu tano kati ya nane) Holstein, ndugu wa Friesian, na thumni tatu Gir, ng'ombe wa nundu wa India. Walifika hivi: chotara wa nusu akapandishwa Holstein akatoka robo tatu, kisha robo tatu akakutana na nusu. Robo tatu na nusu ukizigawa mbili ni thumni tano. Baada ya hapo ni thumni tano kwa thumni tano, damu haiyumbi, mfugaji mdogo hana zamu ya kukumbuka. Mbegu za Gir zimeingia Kenya. Mtepe akipata mbegu za dume la thumni tano, ndama atakuwa asilimia 68.75 kizungu, na kizazi kijacho kinasogea kwenye 65.6.

#38 NunduKubwa
Na nguvu ya uchotara ya thumni tano kwa thumni tano ni ngapi? Sema yote.

#39 Thumni_Tano
47.

#40 NunduKubwa
Ahsante. Chini ya robo tatu mnayemlaumu.

#41 Thumni_Tano
Ila Wabrazili wamechagua madume kwa vizazi kadhaa ndani ya aina hiyo. Nguvu ya uchotara ni ya bure. Uchaguzi ni wa kazi, lakini haupotei.

#42 Chengoni
Wakuu, mimi sina hata mmoja. Nikienda mnadani Mariakani nikaambiwa "huyu ni chotara wa nusu", nitajuaje?

#43 Mirija_Likoni
Kwa rangi hutajua yote, lakini utapunguza uwongo. Nusu halisi ya Friesian mweusi na Sahiwal kwa kawaida hutoka mweusi mwili mzima, weupe ukiwa tumboni na kiweleni tu. Mabaka meupe makubwa mgongoni ni dalili kwamba Friesian imeingia zaidi ya mara moja. Tazama ngozi ya chini ya shingo, masikio na nundu iliyobaki. Kisha omba kumwona mama yake. Asiyeweza kukuonyesha mama wala kadi ya mhimilishaji anakuuzia rangi.

Ukishamnunua mwenye Sahiwal nyingi, jua kwamba huzuia maziwa asipomwona ndama. Mwache ndama anyonye kidogo kila chuchu, mfunge mbele ya mama, kamua, kisha mpe ndama yaliyobaki. Ukimnyang'anya ndama siku ya kwanza kama Friesian, atakauka ndani ya wiki chache halafu uje hapa ufungue uzi.

#44 Mtepe_Rabai
Mwezi huu nainua paa, na chakula nimepandisha hadi kilo tatu na nusu kuanzia jana. Damu itapimwa nagana. Mbegu nasubiri Juni. Kati ya Sahiwal na Jersey nyumbani tumegawanyika, mamangu yuko na Bi_Kiwele.

#45 NunduKubwa
Tatizo hapo: umebadilisha paa, chakula na msimu kwa pamoja. Lita zikipanda utajuaje ni kipi?

#46 Bi_Kiwele
Atakunywa maziwa, NunduKubwa. Mtepe, chakula usipandishe kilo moja na nusu kwa siku moja, tumbo litachachuka. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu, ugawe mara mbili kwa siku, na majani yatangulie.

#47 Punda_wa_Kibokoni
Na ndama wa kiume wa chotara mwafanyaje nao?